Moshi wa Mlango Uliofungwa

Miaka ya vita, nyumbani kwetu Jinja, nyama ilipikwa kwa siri. Mama alifunga mlango wa jikoni, akabana dirisha, akaziba upenyo wa chini kwa gunia, kisha akatia ubani kwenye chetezo ili harufu ya vitunguu isifike barabarani. Askari walikuwa na njaa, na pua ya mwenye njaa haipotei njia. Jirani yetu alichukuliwa sufuria nzima ikiwa bado motoni.

Kazi yangu ilikuwa kupuliza kuni, machozi yakinitiririka. Mpaka leo sijaonja mchuzi mtamu kama ule. Tulikula tukichekana kwa masizi usoni, na kicheko kikizidi Mama aliinua mwiko. Kikohozi chake alikimezea kwenye upindo wa kanga.

Vita vilipokwisha tulihamia Mbale, nikapata kazi katika zahanati. Hakuna aliyenyang'anya sufuria tena, lakini Mama aliendelea kupika amejifungia. Mkono ulikuwa umezoea komeo. Kifua kikaanza kumbana, akawa analala ameketi. Asubuhi moja midomo yake ilibadilika rangi, nikaogopa kwamba nitampoteza wakati wa amani, yeye aliyevuka vita.

Alipopata nafuu kidogo, niliketi kando ya kitanda chake nimweleze.

"Mama, mapafuni mna seli za kinga. Ni kama askari wa zamu..."

"Askari?" Akajifunika kanga. "Mwanangu, nimewafungia mlango miaka yote ile, leo unaniambia wamo kifuani mwangu?"

"Hawa ni wazuri, Mama."

"Na wale walisema hivyo hivyo."

Tulicheka mpaka akakohoa. Nikaanza upya.

Tuseme ni majirani, nikamwambia. Moshi wa kuni una vumbi. Lile kubwa hunaswa puani. Lile jembamba, lisiloonekana kwa macho, hushuka hadi chini kabisa ya mapafu. Huko seli za kinga hulimeza, kama zinavyomeza vijidudu. Lakini masizi hayasagiki. Seli iliyoshindwa hupiga yowe kwa njia yake: hutoa kemikali za kuziita nyingine, nazo huja mbio kupitia damu. Njia za hewa huvimba, makohozi hujaa. Ni kama nyumba inapoungua, majirani wanakuja na ndoo. Moto ukizimika wanarudi kwao, na uvimbe unapoa.

"Na moto ukiwashwa kila siku?"

"Hawarudi. Wanakanyaga mboga, wanalowesha magodoro, wanavunja milango. Nyumba inaharibiwa na waliokuja kuiokoa."

"Na ubani?"

"Hata ubani, Mama. Pua inaupenda, ila kwa mapafu ni moshi tu."

"Basi nipikie wapi? Nje, kila apitaye anione?"

Nilimwongezea mto mgongoni apumue vizuri.

Baada ya siku chache nilimkuta anahamisha mafiga, jiwe moja moja, hadi mbele ya baraza. Akawasha kuni kavu. Vitunguu vilipoanza kuwa vyekundu, polisi mmoja alikuwa akipita. Akapunguza mwendo, akasema kwa lafudhi ya kaskazini kama ya wale askari wa vita:

"Mama, chakula yako inanukia muzuri sana."

Mwiko ulisimama. Niliona vidole vya Mama vikikaza.

"Bado hakijaiva, afande."

"Hakuna shida, Mama. Endelea tu." Akagusa kofia, akaenda zake.

Mama alimtazama mpaka akapotea nyuma ya maduka. Kisha akakoroga.

"Hata kuonja hakuomba," alisema, kama aliyeudhika. "Au chumvi imepungua?"

Kifua chake hakikurudi kuwa cha msichana. Makovu ya ndani hayafutiki yote. Lakini hakuingiza tena mafiga ndani, isipokuwa mvua ikinyesha, na hapo aliacha mlango wazi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akilala amejinyoosha, nami nilipoamka usiku nilimsikia akipumua taratibu, nikageuka upande wa pili na kuendelea na usingizi.