Kifundo cha Mkono na Maji ya Ndiva

Nilimsingizia jirani yangu wizi wa maji kwa sababu ya kifundo cha mkono wangu wa kulia. Nasema hivyo bila kuzunguka, maana wakati ule nilizunguka vya kutosha.

Kwetu, milimani juu ya Same, mfereji unaingiza maji kwenye ndiva, bwawa letu la kuhifadhia. Linajaa usiku, na asubuhi maji yanafunguliwa yashuke mashambani kwa zamu. Chini ya ukuta wake kuna tundu, na tundu hilo linazibwa kwa gogo lililochongwa ncha na kuzungushiwa nyasi na udongo. Jioni unalisokota mpaka likaze, asubuhi unalisokota litoke. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na kabla yangu ilikuwa ya baba. Mtu aliyemaliza sekondari, tena mzee wa kanisa, ungedhani ana mambo mengine ya kujivunia. Mimi nilijivunia gogo.

Maumivu yalianza kwenye kidole gumba, yakaingia kwenye kifundo, yakapanda mpaka kiwiko. Nikashindwa hata kufunga vifungo vya shati. Mke wangu alinifungia siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mwambie mwenyekiti wa kamati ya maji atafute mtu mwingine."

"Mkono ni wangu," nikamjibu.

"Ni wako, lakini vifungo nafunga mimi."

Sikumwambia mwenyekiti. Jioni nilisukuma gogo kwa bega na mkono wa kushoto, nikasokota nusu, nikaondoka. Asubuhi moja tukakuta ndiva ina maji nusu. Wiki hiyo hiyo ikatokea tena.

"Mzee, jana ulikaza?" mwenyekiti akauliza mbele ya wenye zamu.

"Nilikaza."

"Basi kuna mtu anafungua."

Nikageuka kutazama shamba la jirani yangu, mjane, lililo chini kabisa ya ukuta. Udongo wake ulikuwa umelowa. Ulilowa kwa sababu maji yakivuja lazima yapite kwake kwanza, na nilijua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Sikumtaja. Nilitazama tu, na wote wakatazama nilikotazama mimi.

Kamati ikamnyang'anya zamu yake. Akaja kwangu, si kwa mwenyekiti. "Kaka, wewe ndiye unayefunga. Sema."

"Mimi nilikaza," nikasema tena. Maharage yake yakakauka yakiwa na maua.

Hospitali walinipiga picha, wakasema mfupa ni mzima ila kano zimevimba. Vidonge vikanichoma tumbo. Mke wangu akasikia habari za muuguzi mstaafu pale Same anayetibu kwa akupancha, sindano nyembamba za tiba ya Kichina. Nikakataa. Nikasema nimekataa chale maisha yangu yote, sitaanza uzeeni kutobolewa.

"Chale zinachanjwa kwa kificho. Huyu anatibu mchana, mlango wazi," akasema. "Vaa shati twende."

"Nifungie."

Muuguzi alinipa shikamoo, nikaitika, akanionyesha sindano. Ilikuwa nyembamba kama unywele.

"Ndani ina dawa gani?" nikauliza.

"Haina dawa."

"Nimeteremka mlima wote ule kuja kuchomwa chuma kitupu?"

"Mlima umeuteremka na gari, mzee wangu. Lala."

Akachoma moja kati ya kidole gumba na cha shahada, nyingine karibu na kiwiko, tatu katikati. Hazikuuma nilivyoogopa. Ulikuja uzito, kama mtu ameukalia mkono wangu. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema nalima.

"Jembe peke yake halikuumizi hivi. Kuna kitu unakisokota."

Nikamweleza gogo.

"Na kwa mkono huu unaweza kulikaza?"

Nilikuwa na sindano tano mkononi, siwezi hata kujikuna. "Silikazi," nikasema. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia kweli ile, na hakujua uzito wake. Akaniambia hatoi miujiza, wengine hupata nafuu na wengine hawapati, ila nisipoupumzisha mkono atakuwa anachoma bure. Nimpe mtu mwingine ile kazi.

Hapo nikafanya kosa la pili. Niliogopa kwamba mtu mwingine akikaza, ndiva itajaa, na wote watajua. Nikaendelea kulisukuma kwa bega mpaka mvua zikaanza. Wakati wa mvua ndiva huachwa wazi, kwa hiyo mkono ulipumzika bila ridhaa yangu. Kila wiki nikashuka Same. Nyumbani nikafungua na kukunja vidole kwenye maji ya moto, kama nilivyoelekezwa. Asubuhi moja nilifunga kifungo cha juu mwenyewe, kisha vyote. Nikavifungua nikavifunga tena, mke wangu akinicheka.

Mvua zikaisha. Jioni ya kwanza nikalisokota gogo kwa mkono wa kulia mpaka likalia. Asubuhi ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Watu wakashangilia.

"Mwizi kaacha!" mmoja akapiga kelele.

"Hajaacha," nikasema. "Huyu hapa."

Nikawaeleza yote, na mkono wangu nikiwa nimeuinua waone. Mjane alikuwa amesimama kando na jembe lake, maana zamu yake ilikuwa bado haijarudishwa. Zamu ya siku ile ilikuwa yangu. Nikasema ni yake.

"Maharage hayarudi," akasema.

"Hayarudi."

"Mkono umepona kweli?"

"Umepona."

"Basi fungua, tuuone."

Nikalishika gogo, nikalisokota mara moja, likatoka. Maji yakaruka kwa ngurumo, yakanilowesha mpaka kifuani, yakakimbilia kwake. Akayafuata mbio akifungua matuta, akinipigia kelele kutoka chini, "Usizibe! Nitakwambia mimi!" Nikasimama pale nimelowa, nacheka kama mpumbavu, nikisubiri amri yake.

Kamati iliamua gogo lisifungwe tena na mtu mmoja. Wakauliza nani atafuatana nami jioni, mjane akajitaja mwenyewe. Mimi nakaza, yeye analijaribu kwa mguu. Jana alilipiga teke mara tatu.

"Limekaza," akasema. "Twende."