Jepkoech na Tepu Iliyojazwa Lumbesa

"Ng'ombe yeyote wa mwanachama wetu, niulizeni mama ya nyanya yake. Nikikosa, ninyoeni kipara hapa hapa!"

Jepkoech aliyasema hayo kwa maiki, kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale mwaka wa 1993, mbele ya wafugaji, wake zao, na fahali mmoja ambaye uso wake ulionyesha hakuamini.

Hakuwa akijisifu bure. Yeye ndiye aliyeendesha kompyuta ya chama chetu cha wafugaji, na alitoka Cherangani, kwa watu wanaokutajia ukoo wa ng'ombe kabla ya kukuambia shemeji yao anaitwa nani. Mimi nilikaa meza ya pili nikipiga chapa vyeti, diploma yangu ikiwa imekwama njiani kama trekta ya miwa.

Ng'ombe wa upande wa Bungoma walikuwa kwenye mashine nyingine, ya karani Wanjala. Aliinakili kazi yake kwenye tepu, akaiweka akiba. Mwaka uliofuata, mvua za Aprili zikaja na radi, na radi ikachagua ofisi ya Bungoma. Mashine ikawa sufuria. Wanjala akapanda Kitale na tepu ndani ya koti, hiyo moja tu.

Nyuma yake akaingia Mzee Wepukhulu wa Misikhu, kofia mkononi. Mnada wa ng'ombe wa gredi ulikuwa Jumamosi. Mtamba wake, Nafula, alikuwa ameshapata mnunuzi kutoka Eldoret, lakini bila cheti cha ukoo mnunuzi hamtaki, na anayebaki ni mchinjaji.

"Binti yangu, ati Nafula amekuwa yatima?"

"Hapana, mzee. Mama yake yuko humu," Jepkoech akasema, akiinua tepu. "Anakataa tu kutoka."

"Lakini si ulisema kwa maiki..."

"Nilisema. Nywele ni zangu, mzee, niachie."

Tepu ilikuwa imeingizwa, ikanguruma, na skrini ikasema haisomeki.

"Mashine yenu ya Kitale inaringa, bana," Wanjala akasema. "Ya kwetu ilikula kila kitu."

"Mpaka ikala radi," nikamwambia. Aliyecheka ni mzee peke yake.

Nikashauri tuanze matanga. Jepkoech akanikata. "Tepu iliyokufa husomeka kidogo, halafu hukwama. Hii inarudishwa mlangoni."

Akatueleza hivi. Tepu huandikwa kwa vipande, na mashine lazima imeze kila kipande kizima, haikati. Ni kama mahindi: kuna anayepima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, kuna anayebeba gunia. Sasa kiini cha mashine, ile programu inayoamka kwanza na kuwapangia wengine wote nafasi, kilikuwa kimeambiwa kipokee gorogoro. Ukikiletea gunia, kinafunga mlango.

Basi akafungua faili ya mipangilio, akapandisha kipimo hadi gunia kamili, kilobaiti sitini na nne, akaiamuru mashine ijenge kiini upya. Cha zamani hakukifuta. Alikipa jina lingine, ili kipya kikigoma kuamka arudi kwa cha kwanza. Tulikunywa chai mpaka ikapoa. Mashine ikaamka, tepu ikavutwa.

Ikakataa tena.

Mzee akavaa kofia. Hiyo kofia ilinitisha kuliko skrini.

"Wanjala," Jepkoech akasema polepole, "ulipakia kipimo gani?"

"Namba sikumbuki, madam. Tepu ilikuwa inasimama-simama, inanichosha. Nikaongeza mpaka ikakataa, halafu nikarudisha kidogo. Si ndivyo watu hupakia?"

"Watu gani? Mama yako anafanya kazi gani?"

"Anauza viazi, soko la Misikhu."

Jepkoech akapiga meza. "Lumbesa! Huyu kijana amenipakia lumbesa!"

Ndiyo hiyo: gunia limejaa, halafu linashonewa wavu juu, na linabeba nusu gunia lingine kichwani. Lakini hakuweza kutaja namba kubwa ovyo, maana kiini hushika nafasi yake ya kumbukumbu alfajiri, mashine inapoamka tu, na hakiiachii. Ukikizidishia, wengine watakosa pa kukaa. Akaandika gunia na nusu. Mashine ikachukua muda kuamka, mpaka mzee akaanza kuomba kwa Kibukusu. Ikaamka. Tepu ikaenda mfululizo kama maji ya mfereji, haikusimama hata kupumua.

Kwenye skrini akatokea Nafula, na mama yake.

"Nekesa," mzee akasema, kabla skrini haijamfikia nyanya. Ikaandika Nekesa. "Na mama yake ni Namalwa." Ikaandika Namalwa.

"Kumbe unawajua wote!" nikasema.

"Nawajua tangu wakiwa ndama. Lakini mtu wa Eldoret hataki mdomo wangu, anataka muhuri wenu."

Akaupata. Jumamosi Nafula akapanda lori la Eldoret, na mchinjaji akarudi na kamba tupu. Jumatatu Jepkoech hakuwasha mashine. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, Kipketer, akimvuta Wanjala kwa mkono wa koti, akataka tepu ya pili, ya kukaa Bungoma.

"Ya pili ya nini, na moja ipo?" Kipketer akauliza.

"Mweleze radi," Jepkoech akamwambia Wanjala.

Wanjala akaeleza. Mwenyekiti akatazama dari, akatia sahihi.

Tepu mpya ilikuwa shilingi elfu moja na mia mbili; kwato moja ya Nafula ilikuwa na bei kuliko hiyo.