Doa Kwenye Kadi ya Baba

Nilipiga kaunta kwa kiganja mpaka mtoto mgongoni akaamka akilia. Kijana wa kaunta, Mkenya mwenye adabu zake, alirudisha kiti nyuma.

"Dada, tulia. Si ushukuru? Ilikuwa tatu, sasa ni sita."

"Sita ya nini? Nani aliwatuma mumuoshe baba yangu?"

Waliokuwa kwenye foleni walinitazama kama mwendawazimu. Waache watazame.

Duka lenyewe liko Kensington, hapa jijini Joni. Wanapima kadi za zamani za wachezaji wa mpira: wanachungulia pembe, rangi, madoa, wanatoa alama kutoka moja mpaka kumi, kisha wanaifunga kadi ndani ya plastiki ngumu. Mimi alama zao sikuzitaka hata kidogo. Nilitaka plastiki. Binti yangu ameanza kupeleka kila kitu mdomoni, na plastiki ile hawakupi bila alama.

Baba aliipata kadi kwenye pakiti ya chingamu akiwa kijana, Lubumbashi. Alikuwa fundi wa magari. Jioni, kabla hajanawa, aliitoa mfukoni mwa ovaroli atuonyeshe. "Muangalieni huyu. Huyu alicheza. Hawa wa leo wanakimbia tu." Dole gumba lake jeusi lilitua palepale kila mara, chini ya kiatu cha mchezaji, mpaka oili ikaingia ndani ya karatasi na mistari ya dole ikaonekana yote.

Alipofariki sikuweza kwenda. Karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa bado ofisini; ukitoka nchini, huruhusiwi kurudi. Nililia hapahapa Joni, mtaani Malvern, nikisuka kichwa cha mteja. Kwetu kilio kikiisha, ukoo wa baba hugawana vitu vya marehemu. Waligawana spana, mashati, mpaka kofia. Aliye mbali nani amkumbuke? Shangazi peke yake ndiye aliyeuliza, "Na yule wa Joni?" Akampa kadi mama mmoja mchuuzi anayekuja huku kwa basi. Ikanifikia imefungwa kwenye kitambaa. Urithi wangu ndio huo.

Mara ya kwanza walinipa tatu. Sababu: doa. Nikasema sawa, tatu yenu nimeipokea, nifungieni. Wakasema plastiki zimeisha, niiache kadi. Nikarudi, nikarudi tena. "Wiki ijayo, dada." Eish! Mwishowe wakanikabidhi, imefungwa, safi kama ya jana. Eti mtaalamu wao alinionea huruma, akalifuta doa kwa dawa ili alama ipande.

Niliipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaigeuza huku na huku. Hakuna hata mstari mmoja.

Niliporudi kaunta sikupiga kelele tena. Nilisema nataka kuandika malalamiko rasmi. Kijana akanigeuzia kompyuta. Nikaandika: niliomba kadi ifungwe, sikuomba isafishwe, hakuna aliyeniuliza. Palipotakiwa thamani ya kilichoharibika nikaacha wazi.

"Haitakubali ikiwa wazi," akasema, sauti imeshuka. "Weka chochote tu, dada. Hata sifuri."

Mtoto alikuwa amenyamaza, anavuta nywele zangu. Nikaandika: dole gumba la baba yangu, mkono wa kuume. Nikabonyeza kutuma.