Shilingi ya Kusimamisha Muziki

Mama Hulda aliposikia kwamba sakafu ya mbao ya kasino ingeng'olewa Jumatatu, hakungoja. Jumamosi mchana alivaa viatu vyake vya kanisani akashika njia. Binti yake, Emmaculate, alimsihi abaki. Mwanamke wa miaka themanini na kitu, mama wa kanisa, angeonekanaje akiingia kwa wacheza kamari? Hulda alimjibu kwamba yeye aliingia mle kabla ya hiyo kamari.

Na hakusema uongo. Miaka ya hamsini kasino ile ilikuwa ukumbi wa dansi wa watu wa reli. Wajaluo walikuja mle na pakruok, majigambo ya kwao: unaitupia bendi shilingi, muziki unasimama, unajisifu au unamsifu umpendaye, na hata adui yako ananyamaza akusikilize. Ndivyo Eliakim, fundi wa reli mwenye masikio makubwa, alivyomchumbia Hulda. Alisema mbele ya ukumbi mzima kwamba yeye ni mwana wa nchi ya Alego, mla samaki na mifupa yake, na yule binti wa gauni la manjano asicheze na mwanamume mwingine tena. Watu wakamgeukia Hulda, maana sifa kama hiyo hujibiwa. Hulda akatoka nje kwa hasira. Baadaye aliolewa naye, lakini jibu hakuwahi kulitoa.

Eliakim alikufa wakati wa korona. Alizikwa alfajiri, haraka haraka, na watu wachache waliofunika midomo, bila ngoma wala mtu wa kumsifu. Jambo hilo lilimuuma Hulda kuliko kifo chenyewe. Alikuwa ameapa kwamba sifa za mumewe zitasemwa juu ya mbao zile zile, wapende wasipende.

Mle ndani alitafuta bendi, asiione. Kelele zilitoka kwenye mashine kila pembe. Basi akachagua mashine iliyopiga kelele kuliko zote, akaona kitundu, akatumbukiza sarafu ya shilingi ishirini, maana siku hizi kila kitu kimepanda bei. Mashine ikawaka taa, ikaimba maradufu. Vijana wakashika mbavu kwa kicheko. Hulda akatumbukiza nyingine, nayo ikazidi.

Wahome, msimamizi wa kasino, akaja mbio.

"Mama, sorry, umepotea?"

"Sijapotea. Nimelipa muziki isimame na haijasimama. Zamani bendi ikikula shilingi yako hivyo, ilikuwa inapigwa."

Wahome alikaribia kucheka, kisha akamkumbuka nyanya yake, Wamucii, aliyeuza chai mlangoni pa ukumbi huo na kusimulia habari za Wajaluo waliokuwa wakinunua kimya. Akaenda ukutani, akazima swichi kubwa. Mashine zote zikafa. Mtu mmoja aliyekuwa karibu kushinda akaanza kulalamika, wenzake wakamnyamazisha.

Hulda akasimama katikati ya sakafu.

"Mimi ni Hulda Adoyo, bibi ya Eliakim, mwana wa Alego, mla samaki na mifupa yake. Alizikwa bila kusifiwa. Leo namsifu. Alikuwa anacheza vibaya, na hakuna siku alikubali kukaa chini."

Watu wakapiga makofi. Wahome akanyoosha mkono awashe swichi.

"Wacha kwanza," Hulda akasema. "Nililipa mara mbili."

Akatazama zile mbao, machozi yakimtoka bila aibu.

"Hii ya pili ni jibu. Eliakim, sijacheza na mwingine."