Majina Saba kwenye Santuri ya Célestine

Shangazi yangu Célestine aliimba matangani huko Kilibula, mtaani kwetu, tangu kabla sijazaliwa, likembe, kile kinanda cha vidole gumba, mkononi, sauti kavu isiyombembeleza mtu. Katika nyimbo zake alitaja majina ya wafu tu. Ndivyo bibi alivyomfundisha: aliye hai huitwa na mkewe aje kula, wimbo wa nini?

Uhuru ukaja, na jazi ikaja nao. Shangazi aliposikia saksofoni akili zikamruka, mtu mzima na miaka yake arobaini. Mwaka 1963 akaenda Bujumbura kurekodi santuri ya nyimbo nane, likembe na saksofoni zikijibizana, ngoma zikikimbia pale alipozoea kunyamaza. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini wanajazi walikuwa na desturi yao: wimbo ukichangamka, unawataja marafiki waliokusaidia. Bibi alimkataza, sikio la kufa halisikii dawa. Akataja saba. Wa kwanza ni baba yangu, "Antoine wa biro", karani wa ofisi ya serikali aliyemtafutia lori la safari. Wa nne ni Tambwe, muuza vitambaa, aliyewashonea wanamuziki mashati.

Baba aliona haya. Tambwe, loo! Kila santuri ilipofika kwenye jina lake alisimama, akainua mkono, watu wakampigia makofi. Tulimcheka, naye akafurahi kuchekwa.

Mei 1964 waasi wakauteka mji. Walianza na makarani na walimu, wakiwaita vibaraka. Baba alijificha darini kwetu siku kumi na moja. Alasiri moja komanda wao aliingia baa ya jirani, akaagiza santuri ipigwe. Wimbo ulimpendeza. Majina yalipoanza akasimamisha mashine, akaamuru shangazi aitwe. Nilimfuata.

"Mama, huyu Antoine wa biro iko wapi?"

"Alishakufaka, chef. Bale bote ni bafu. Minye niko muimbaji wa matanga, tunaitaka bafu tu."

Aliposema wote saba ni wafu, baa nzima ikaitikia kwa vichwa, maana kila mtu alijua kuwa mwimbaji wa matanga huwaita wafu tu. Tambwe mwenyewe, aliyekaa karibu na mlango na limonadi yake, aliitikia. Komanda alivua kofia. Akasema basi, tuwasikilize marehemu hadi mwisho, na sindano ikarudishwa.

Mungu anisamehe, nilianza kupumua. Jina la kwanza likapita, la pili, la tatu. Likaja la Tambwe, na mwili wake ukasimama kabla ya akili, mkono juu, tabasamu na yote.

Walimpiga risasi palepale. Kama mfu huyu alikuwa hai, basi na Antoine yu hai: kabla jua halijatua walikuwa wameipekua nyumba yetu na kumshusha baba darini. Hakurudi. Shangazi hawakumgusa, komanda alisema anajua kuimba.

Watu humlaumu Tambwe. Mimi simlaumu mtu aliyefurahia jina lake. Namlaumu shangazi, aliyewaimba walio hai. Naishi naye, nampikia, namfulia, na kila siku namlaumu. Yeye hula, akimaliza hunishukuru.