Tumbo Lililopongezwa

Fundi alikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa na kumi na minne ya cherehani, na katika muda huo alishona magauni ya uzazi yasiyo na idadi, yote ya wengine. Daktari alipomwandikia sindano za homoni za kukomaza mayai, alijichoma mwenyewe tumboni kila jioni. Sindano ni kazi yake.

Daktari alimwonya, akampa na karatasi: tumbo likivimba, mkojo ukipungua au pumzi ikibana, njoo siku hiyohiyo. Fundi aliikunja karatasi akaitia kwenye kopo la vifungo, makao ya vitu vyote muhimu visivyotafutwa tena.

Siku ya sita baada ya sindano ya mwisho, ile ya kuachilia mayai, sketi yake iligoma kufungwa.

"Heh, Fundi," mteja mmoja akasema, macho yake kiunoni. "Kumbe na wewe umo?"

"Acha maneno yako, geuka nikupime mabega."

Lakini mteja alipoondoka, Fundi alijipima kiuno kwa furaha, akaandika kwa chaki ukutani: inchi thelathini na nne.

Kesho yake mama mkwe alikuja, akapokewa mlangoni na tumbo lililomtangulia mwenyewe. "Nilijua mimi," akasema. "Usiinue hata ndoo, mwanangu." Kufika saa sita mtaa mzima ulijua. Kipimo cha mimba kilihitaji wiki nyingine ndipo kiseme kitu, ila mtaa hausubiri vipimo.

Fundi alitapika mara mbili, na pumzi zikawa fupi. Kila dalili ilipata pongezi zake.

"Kichefuchefu? Safi sana," wifi yake alisema. "Pumzi ndiyo hivyo, anakupanda kifuani. Atakuwa mkubwa huyo."

Tangu alfajiri alikuwa amekojoa mara moja tu, tena kidogo. Hilo halikuwa na wa kulipongeza, kwa hiyo hakulisema.

Alasiri alijizungushia tena futi ya kupimia ili ajipanulie gauni. Thelathini na nane. Akarudia, akidhani futi imejikunja. Wajawazito amewapima tangu ujana wake, na mimba huenda polepole. Hakuna mtoto wa kuongeza inchi nne kwa siku moja.

Akampigia mumewe. "Nipeleke hospitali."

"Mama kasema upumzike."

"Mama hajawahi kunipima kiuno. Njoo."

Hospitalini, mama mkwe akiwa amewafuata, daktari alieleza kwamba sindano zimekomaza mayai mengi mno. Ovari zimevimba, maji yamevuja kutoka kwenye mishipa hadi tumboni, damu imekuwa nzito na inaweza kuganda, na figo zinaelemewa.

"Na mtoto?" mama mkwe akauliza.

"Mama, bado hatujui kama yupo. Aliyepo ni huyu."

Mama mkwe akasogea kando kuwapisha manesi. Wakamtundikia Fundi dripu, wakamchoma sindano za kuzuia damu kuganda, wakamtoa maji tumboni kwa mrija. Mkojo wake ukawa unapimwa kwenye chombo chenye mistari, na kwa siku mbili chombo kilitia aibu. Siku ya tatu nesi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu.

Mama mkwe akatoka varandani na simu yake.

"Lita moja na nusu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja uzito wa mjukuu. "Mkojo, ndiyo. Wa mkwe wangu. Wewe waambie tu huko mtaani, wakishangaa watauliza wenyewe."