Kila Ijumaa Kipande Kimoja: Clovis Mbombo na Kadi za Wagonjwa wa Kikula

Saa mbili kasoro robo asubuhi, katika chumba cha nyuma cha zahanati ya ushirika, Kikula, mjini Likasi, watu watatu wamesimama mbele ya ubao. Viti havimo. Viliondoka na uporaji wa 1991, na Clovis Mbombo, mkuu wa timu ya kompyuta, hataki vingine.

"Muntu mwenye kukaa anasema sana," anasema, chaki mkononi. "Mwenye kusimama, miguu inamukumbusha. Rolly, jana ulimaliza nini?"

"Kutafuta kadi kwa avenue. Inatembea, Papa Clovis," anajibu Rolly, anayeandika programu pamoja naye.

"Na leo?"

"Leo ninaomba courant ikuye."

Michelle, anayeingiza kadi na kuwinda makosa ya programu, anacheka. "Ile haiko kazi, ile ni maombi. Peleka ku kanisa."

Mkutano umekwisha. Umechukua dakika sita. Umeme huja saa mbili na kukatika kabla ya saa tano, kwa hiyo hapa maneno yanapimwa kama chumvi.

Leo ni Ijumaa ya sita na ya mwisho kati ya zile walizopewa. Kamati ya zahanati imesema wazi: kompyuta isipotoa kadi ya mgonjwa haraka kuliko karani anavyoipata kwenye masanduku ya mbao, itauzwa ili friji ya chanjo itengenezwe. Clovis, mwenye miaka arobaini na sita na watoto saba, atapoteza nusu gunia la unga wa mahindi analolipwa kila mwezi, pamoja na kazi pekee anayoijua.

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaajiriwa na kampuni ya madini kutoboa kadi za mashine za hesabu. Alikaa huko miaka ishirini na minane, hadi idara ilipofungwa mwaka 1993. Programu hakufundishwa na mtu. "Makosa ya mainjinia njo ilinifundisha," anasema. "Banaacha karatasi ku pipa, minye naokota, nasoma."

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni lake mwenyewe, naye halifichi. Alipopewa kompyuta hii aliandika mpango wa kurasa themanini. Kwa miezi mitano timu ilijifungia ndani, haikumwonyesha mtu chochote. Siku ya kuonyesha, muuguzi Mwadi aliomba kadi ya mama mmoja aitwaye Philomène, aliyekuwa na homa kali. Kompyuta ilitoa kadi safi, isiyo na onyo lolote.

Mwadi alikataa kuchoma sindano ya penisilini. Alimkumbuka mama huyo: mwaka 1984, majina ya Kizungu yakiwa bado marufuku, aliandikishwa kama Ngalula, na kadi ile ilisema penisilini itamuua. Alipozaa mapacha akaandikishwa mara ya tatu, Mama Mapasa.

"Nikamuambia: Papa Clovis, mashini yako inaona banamuke batatu, minye naona mumoja, na iko karibu kufa," anasimulia Mwadi.

Nani Likasi hajui kwamba mtu ana majina matatu? Clovis mwenyewe anayo. Ila hakumuuliza muuguzi, akauliza karatasi zake.

Kesho yake aliutupa mpango. Tangu hapo timu hutengeneza kipande kimoja kidogo cha programu kwa juma, kinachofanya kazi, na kila Ijumaa Mwadi ndiye huwa mbele ya kioo cha kompyuta. Akikunja uso, kipande kinarudi ubaoni. Yeye ndiye aliyesema mgonjwa aulizwe kwanza avenue, yaani barabara anayokaa, na jina la mama yake. "Jina lako utabadilisha," anasema, "lakini mama yako utamubadilisha na nani?"

Saa mbili na dakika kumi taa inawaka. Foleni imeshafika barabarani. Barthélemy, mwenyekiti wa kamati, mstaafu wa machimbo ya Kakontwe, ameshika saa yake. Karani anakimbilia masanduku; Mwadi anabonyeza kwa vidole viwili. Mgonjwa wa kwanza, kompyuta inatangulia. Wa pili, kompyuta. Wa tatu, sanduku, na karani anajigamba. Wa nne, kompyuta. Foleni yote inachungulia mlangoni.

"Sasa minye," anasema Barthélemy. "Avenue ya Soko, numero kumi na mbili. Mama yangu, Mujinga."

Karani bado anapekua. Kwenye kioo zinatokea kadi mbili pamoja, Barthélemy na Kabamba, majina yake yote mawili, na mstari mmoja wa chini. Mwadi anausoma kwa sauti: "Tata, sindano sita za mugongo, ulifanya mbili. Ulikimbia."

Watu wanaangua kicheko hadi barabarani. Mzee anaifunga saa yake taratibu.

"Friji tutatafutia njia ingine," anasema. "Mashini inabakia."

Rolly anamkumbatia Michelle, Clovis anafuta jasho kwa mkono wenye chaki. Mwadi hajaondoka bado mbele ya kioo. Anataka Ijumaa ijayo kipande cha chanjo za watoto.

Clovis ana lingine kichwani. Zahanati ya Kakanda imeomba programu hiyohiyo, naye ataondoka mwezi ujao. Diskiti zenye programu ataziacha Likasi kwanza.

"Nitaenda mikono mitupu," anasema. "Juma nzima nitapanga foleni na bagonjwa, nisikie namna gani banaitana. Kisha njo nitarudia kuchukua diskiti."